Kidole Kitupu

4 Februari

Mjomba,

Nianze na dai, salamu zifuate: hakuna mtumiaji aliyekosea. Yupo mchoraji aliyekosea, na yupo mkubwa wa mchoraji aliyetia saini. Dai hili nitalitetea mpaka utakapolikubali au utakapolivunja kwa hoja, na hoja ya kulivunja sidhani kama unayo.

Sasa shikamoo. Sisi hapa ni wazima, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima katika nyumba inayonuka dawa ya vidonda. Mdogo wangu wa kike amechaguliwa kuendelea na masomo na ameshaanza kutusahihisha mezani. Paa la jikoni limeacha kuvuja kwa kuwa mvua nayo imeacha kunyesha. Mama, dada yako wa pekee, ameanza kukunja vidole viwili vya mkono wa kulia. Vitatu bado vimekakamaa. Ngozi mpya imeota na madoa ya zambarau, kwa sababu rangi iliingia pamoja na moto. Daktari anasema haitatoka.

Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu yako hupokelewa na katibu wako, naye ameniambia mara nne kwamba uko kikaoni. Barua itakusubiri utoke.

Jana tumepokea taarifa ya kiwanda. Unajua kwamba mama amekaa miaka ishirini na miwili katika ukumbi wa rangi, akichanganya na kuchemsha rangi za vitambaa. Taarifa ina kurasa kumi na moja, lakini chanzo cha ajali kimeelezwa kwa maneno matatu: "Kosa la mtumiaji." Alivua glavu, wanasema, kinyume cha kanuni ya saba. Ameachishwa kazi, na maneno hayo matatu yamo katika faili lake. Hakuna kiwanda kitakachompa pipa la kuchemshia mtu mwenye maneno hayo. Bodi ya rufaa itakaa tarehe 30 Juni. Yasipofutwa siku hiyo, hayatafutwa tena.

Mjomba, kanuni ya saba inaamuru glavu za mpira wakati wote. Skrini iliyofungwa na kampuni yako kando ya kila pipa haitambui kidole kilicho ndani ya glavu. Anayetii kanuni hawezi kufunga mvuke. Anayefunga mvuke ameshavunja kanuni. Ubao wa zamani wa kuendeshea mapipa ulikuwa na vishikio vya chuma: cha mvuke kilikuwa duara, cha maji mraba, cha rangi kama yai. Hata macho yakijaa mvuke, mkono wenye glavu ulijua umeshika nini. Siku ile pipa la tatu lilipoanza kufurika, mama alivua glavu kwa meno, akabonyeza "Funga mvuke", na skrini ikamuuliza: "Una uhakika?" Alikuwa akiitafuta "Ndiyo", kitufe kisichozidi ukucha wa kidole gumba, pipa lilipommwagikia.

Iandikie bodi useme kwamba uso ule wa mashine ulichorwa vibaya. Mstari mmoja unatosha.

Mpwa wako.


27 Februari

Mpwa wangu Wakili,

Marahaba, ingawa shikamoo yako nimeichambua kutoka katikati ya mashtaka kama mtu anayechambua mchele. Ama barua yako ilichelewa, ama mimi nilichelewa. Tugawane lawama nusu kwa nusu, utulie.

Mkaza mjomba wako anakusalimu na anauliza kama bado unatenga vitunguu pembeni ya sahani. Pacha wameng'oka meno ya mbele wiki moja, wanazungumza kama vibogoyo wawili waliogombana zamani. Goti langu linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi, nami ofisi nimeiweka ghorofa ya nne kwa ujinga wangu mwenyewe.

Habari za dada yangu zinaniuma kuliko unavyodhani. Nimemtumia marhamu, mwambie apake asubuhi na jioni, na asikwaruze hata kama kunawasha. Yeye ni mbishi, umerithi kwake.

Kuhusu dai lako: limekaa vizuri, ningelipa alama za juu. Ila programu ile ilifanya kila ilichoandikiwa kufanya, na mkataba haukutaja glavu. Hakuna aliyetuambia kuhusu glavu. Tungejuaje? Kiwanda kina kanuni zake, sisi tuna kazi yetu, na wewe mwenyewe unakijua kiwanda kile.

Sasa nisikilize kama mtu aliyekubeba mabegani ukamkojolea shati la sherehe. Usichimbe. Sisemi hivyo kwa ajili yangu. Meza yako iko palepale karibu na dirisha, tarehe mosi Aprili unaanza kazi, na nimeshawaambia vijana wajiandae kubishiwa. Njoo. Haya mengine tuyaache yapoe.

Mjomba wako.


6 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema, wewe, mkaza mjomba, pacha na goti. Vitunguu bado natenga. Marhamu imefika, mama amepaka na amekuombea dua ndefu kuliko anazoniombea mimi. Umeona kwamba safari hii nimeanza na salamu. Sasa niruhusu niendelee.

"Hakuna aliyetuambia." Hii ndiyo sentensi ninayoikataa. Mtaani kwetu yupo fundi viatu, hakusoma popote. Mteja akija, humwambia avue kiatu, akanyage karatasi, kisha asimame. Nilimuuliza kwa nini asimpime akiwa ameketi. Akanicheka: "Msomi, mguu ukibeba mtu hutanuka. Mimi nashona cha kutembelea, sishoni cha kukalia." Hakungoja mguu umwandikie barua. Anayechora kitu cha kuguswa na binadamu ana wajibu wa kumwona binadamu huyo akiwa kazini, akiwa amechoka, ana haraka, jasho limemwingia machoni. Asipomwona hapo, anachora kwa ajili yake mwenyewe.

Umesema nakijua kiwanda. Naam. Nilikaa pale siku mbili nikiwa mafunzoni ofisini kwako, nikachora rasimu. Rasimu ni rasimu. Wakubwa huisahihisha, huipeleka kwa watumiaji, hubadilisha. Sikuficha jambo hilo, ila sikuona umuhimu wa kulitaja.

Nimejaribu kumshawishi mama aende kwenye bodi. Nakunukulia tulivyozungumza, kwa sababu sikumwelewa.

"Nimeshasaini kwamba nilikosea," alisema. "Unataka nisaini mara ngapi?"

"Lakini hukukosea, mama."

"Nilivua glavu au sikuvua?"

"Ulilazimika kuvua!"

"Basi nilivua. Mwache kaka yangu afanye kazi zake. Na wewe nenda ukaanze ya kwako, usinikalie hapa kama muuguzi wa kukodi."

Mtu aliyefanya kazi miaka ishirini na miwili bila onyo hata moja anasaini haraka kiasi hicho? Na wewe unasema nisichimbe, na kwamba si kwa ajili yako. Kwa ajili ya nani, basi?

Mpwa wako.


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama amekunja kidole cha tatu. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Jana ilikuwa tarehe mosi. Sikuja, na meza ya dirishani umpe mwingine. Hujajibu swali langu la Machi. Bodi itakaa baada ya siku themanini na tisa.

Mpwa wako.


22 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nyumbani hatujambo. Nimekaa na barua yako siku nyingi, nikaianza hii mara tatu. Mara ya kwanza nilikutukana, mara ya pili nikakubembeleza. Hii ya tatu nitasema tu.

Ndani ya bahasha utakuta taarifa yenye kichwa "Siku Mbili Kiwandani". Ina jina lako. Soma ukurasa wa nne, ingawa nadhani unaukumbuka: "Ukumbi wa rangi nimeuangalia kupitia dirisha la ofisi ya msimamizi, kwa sababu ya mvuke na harufu kali. Wafanyakazi tisa wamehojiwa wakati wa mapumziko ya chai." Pembeni umechora mikono yao imeshika vikombe. Una kipaji cha kuchora mikono, sijui umekitoa wapi. Mikono tisa, yote mitupu. Nani hunywa chai na glavu, Wakili?

Rasimu yako haikusahihishwa na mtu. Niliipitisha nikiwa nimesimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Niliwaambia wenzangu, tazameni kazi ya mtoto wa dada yangu. Nilikuwa najivuna, nikasahau kukagua. Ile "Una uhakika?" ni yako, na kile kitufe cha ukubwa wa ukucha ni chako. Kilichofungwa kando ya pipa la tatu ndicho kilichotoka mkononi mwako.

Na mama yako anajua. Siku ya ajali aliomba simu akiwa bado kwenye machela. Nilidhani ananiaga. Akaniambia: "Kaka, mchoro ni wa mtoto. Ukilitaja jina lake mahali popote, usije kunizika." Ndiyo maana nilikuambia usichimbe. Sasa nimelitaja, kwako wewe peke yako, na sijui nitamtazamaje dada yangu.

Ulianza kwa kusema yupo mchoraji aliyekosea. Bado unalitetea dai lako?

Mjomba wako.


19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Karibu mwezi mmoja umepita nami sikujibu, na sitasingizia posta. Mdogo wangu alinikuta nimeketi sakafuni na zile karatasi, akafunga mlango polepole. Mama hajambo. Anajifunza kukata mboga kwa mkono wa kushoto na hataki kusaidiwa.

Ukurasa wa nne nimeusoma. Nilikuwa sikumbuki neno "harufu". Nilikuwa nimejisimulia kwamba siku zile ukumbi ulifungwa kwa matengenezo, na uongo huo nilikuwa nimeshauamini. Nilikuwa na vitabu kumi na vinne juu ya mtumiaji, na mtumiaji alikuwa nyuma ya kioo, hatua ishirini kutoka kwangu, nikaona nisiharibu shati.

Nilimuuliza mama Jumamosi, akiwa anaanua nguo.

"Ulijua kwamba ni mchoro wangu?"

"Nilijua siku walipoufunga. Kuuliza mtu mara mbili kama ana uhakika! Nani mwingine? Tangu mdogo, ukitumwa chumvi unarudi mlangoni kuuliza, chumvi kweli?"

"Kwa nini hukuniambia kwamba skrini haisikii glavu?"

"Nikuambie nini? Ulikuja pale na karatasi zako na shati nililokupigia pasi. Wenzangu wakaniuliza, huyo ndiye msomi wako? Nikawaambia ndiye, mtazameni vizuri. Halafu kesho yake nikatangaze kwamba msomi wangu hajui tunavaa glavu?"

"Kwa hiyo mkawa mnavua."

"Wote tulivua. Kwa meno. Mtu huzoea."

"Na wao hawakulalamika?"

"Walitaka. Nikawaambia wavumilie, itarekebishwa. Nilikuwa nangoja uniulize, mama, ile kazi yangu inakwendaje? Ukaja likizo mbili, ukanieleza habari za vitabu."

Alinipa kapu la nguo nibebe, akaingia ndani.

Jibu la swali lako ni ndiyo. Bado nalitetea dai langu. Mchoraji aliyekosea ni mimi. Nimeandika hivyo kwa ajili ya bodi, kurasa tatu na jina langu chini. Kama nilitaka liwe la kweli kwa mtu mwingine, ni lazima liwe la kweli kwangu.

Lakini dai lilikuwa na sehemu mbili. Wiki iliyopita nilikwenda kiwandani, nikaomba glavu, nikaingia ukumbini kwa mara ya kwanza. Nilisimama kando ya pipa la tatu nikabonyeza mchoro wangu mwenyewe mara kumi na saba. Msimamizi alinitazama mpaka nilipochoka, kisha akasema, "Sasa unajua." Akanichukua ofisini, kulekule kwenye dirisha, akatoa nakala ya barua. Aliiandika wiki mbili baada ya skrini kufungwa, miezi minane kabla ya ajali: "Skrini haipokei mguso wa glavu. Wafanyakazi wanalazimika kuzivua karibu na mvuke. Tunaomba marekebisho ya haraka." Ina muhuri wa ofisi yako: IMEPOKELEWA. Jibu lenu lina mistari miwili: "Watumiaji waelimishwe kukausha mikono na kubonyeza kwa ncha ya kidole kitupu. Tatizo litahesabiwa kuwa limekwisha." Limesainiwa na katibu wako kwa niaba yako.

Tarehe 27 Februari uliniandikia kwamba hakuna aliyewaambia kuhusu glavu. Uliisoma barua ya msimamizi, au hukuisoma?

Mpwa wako.


3 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako ana mafua, pacha wameota jino moja kila mmoja. Salamu kwa dada yangu, ingawa simu zangu hapokei tena. Naona umemwambia kwamba nimekuambia.

Ofisini hapa huingia barua mia kwa wiki. Nina watu arobaini wanaoishi kwa jina la kampuni hii, na wengi wao hawajawahi kukiona kiwanda hicho hata kwenye picha. Ukilipaka jina hilo matope mbele ya bodi, matope hayatauliza nani alichora na nani alisaini.

Sikiliza. Toleo jipya la skrini liko tayari: vitufe vikubwa, linasikia glavu, "Una uhakika?" imeondolewa kwenye mvuke. Litafungwa Agosti, kimyakimya. Nimezungumza na wakubwa wa kiwanda. Wako tayari kumstaafisha mama yako kwa heshima, waandike "sababu za kiafya", na yale maneno matatu hakuna atakayeyasoma. Yeye hataki bodi. Wewe hujamaliza hata mwaka tangu uhitimu. Ukijiandika jina kwenye ajali, nani atakupa penseli? Kila mtu anatoka salama. Nipe nakala ya ile barua ya msimamizi, na kurasa zako tatu uzichome.

Umerithi ubishi kwa mama yako, rithi na uvumilivu wake.

Mjomba wako.


14 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu nilifundishwa, na aliyenifundisha hazungumzi nami tangu Jumatano. Siku hiyo nilimsomea kurasa tatu kabla ya kuzipeleka kwenye bodi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilitoa mkono wangu ili wewe ukae salama, nawe unakwenda kunirudishia," akaondoka. Sasa chakula changu nakikuta mezani kimefunikwa, naye yuko chumbani. Mdogo wangu anapeleka ujumbe kati yetu na kuufupisha. Mama amekunja kidole cha nne. Hilo nimeambiwa, sikuliona.

Sijui kama atanisamehe. Nimefikiri juu ya hilo kuliko ninavyofikiri juu ya hoja, na nimekwenda hata hivyo. Unasema yale maneno matatu hakuna atakayeyasoma. Yeye ameyasoma. Anajua kila rangi iliyotoka katika ukumbi ule kwa miaka ishirini na miwili, na karatasi inasema hakujua kazi yake. Kumstaafisha kwa heshima na kuuacha uongo kwenye faili ni kumwambia ashukuru. Nafasi ya kurudi ukumbini anayo endapo tu faili litasema kweli, na kiwanda kinajua wazi kwamba mkono wa kushoto na mdomo wake vinatosha kuwafundisha wengine kuchanganya.

Toleo lako jipya ni zuri, sina shaka. Linathibitisha kila kitu. Mngejuaje kwamba vitufe vinahitaji kuwa vikubwa na kusikia glavu, kama hakuna aliyewaambia? Na kwa nini kimyakimya? Viko viwanda vingine vyenye skrini zenu, na ndani yake watu wanavua glavu kwa meno leo hii, wakidhani tatizo ni vidole vyao.

Juu ya uvumilivu wa mama: sitaurithi. Huo ndio uliomweka kando ya pipa akiwa na kidole kitupu, na mimi na wewe ndio tulioutumia.

Kwa hiyo nimefanya mambo mawili. Bodi imepokea kurasa zangu tatu, ukurasa wa nne wa taarifa yangu ya siku mbili, barua ya msimamizi na jibu lenu. Na barua hizi zote, zangu na zako, hii ikiwa ya mwisho, nimempa mhariri wa gazeti. Zitatoka Jumapili ya kabla ya kikao. Sikufuta mahali unaponishinda. Ukurasa wa nne upo kama nilivyouandika, harufu na yote. Watakaosoma watajua nani alichora, kwa nini hakuingia ukumbini, na mama yake aliuficha ukweli kwa mkono wa namna gani. Langu nimelimaliza.

Lako bado. Nilikuuliza tarehe 19 Mei, ukanijibu kwamba barua ni mia kwa wiki. Nakuuliza tena, na safari hii sikuulizi kama mpwa, kwa hiyo usinijibu kama mjomba. Usinipigie simu, usimtume mkaza mjomba, usiandike kwa anwani hii. Mhariri amekuwekea nafasi ukurasa uleule, na bodi itakaa saa tatu asubuhi, milango wazi. Jibu hapo, kwa jina lako na cheo chako, wasikie wafanyakazi tisa niliowahoji na wengine nisiowahoji:

Barua ya msimamizi ilipofika mezani kwako, uliisoma?